Kompyuta mpakato za mtumba: Ipimwe kwanza, fedha itoke baadaye

*Wanafunzi, walimu na wafanyabiashara wadogo wanazitegemea. Zikigoma kuwaka au kushika intaneti, fedha nyingi hupotea kwa kubahatisha kosa badala ya kulitafuta kwa mpangilio.*

KOMPYUTA imewaka vizuri na alama ya waifai imejaa. Simu iliyo pembeni, inayotumia ruta ileile, inafungua kila kitu. Lakini mwanafunzi akiingia kwenye ukurasa wa chuo ili asajili masomo, kivinjari kinamkatalia na kumwonya kuwa muunganisho wake si salama. Anajaribu benki, jibu ni hilohilo. Barua pepe nayo haifunguki.

Anaibeba hadi Kariakoo. Fundi anaiwasha, anaona onyo lile, anamwambia Windows imeharibika na inapaswa kupigwa upya. Inapigwa, analipa, anarudi chumbani kwake akiwa na matumaini. Inafanya kazi mpaka anapochomoa chaja akalale. Asubuhi tatizo limerudi kama lilivyokuwa.

Kosa lilikuwa kwenye kona ya chini ya skrini, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Tarehe ilisomeka Januari 2012.

Ndani ya kompyuta nyingi za zamani kuna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kuiwezesha saa kuendelea kutembea hata umeme ukikatika. Ikifa, na betri kubwa nayo ikiwa imechoka, kila chaja inapochomolewa saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Tovuti salama huthibitisha utambulisho wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2012 hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, na inakikataa.

Kisa hiki ni mfano wa yale yanayowakuta watumiaji wengi wa kompyuta mpakato za mtumba. Kosa lilionekana la mtandao, likatibiwa kama la programu, na chanzo chake kilikuwa betri ambayo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika kompyuta nzima.

Zinatoka wapi

Kompyuta zilizojaa kwenye maduka ya mtumba, hasa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Kampuni, vyuo na taasisi za umma za Ulaya na Marekani huzinunua au kuzikodi kwa miaka michache, kisha huzibadilisha zote kwa mkupuo. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala.

Ushahidi wa safari hiyo uko kwenye kifaa chenyewe. Kibodi iliyotoka Ufaransa huanza na herufi A, Z, E, R, T, Y. Ya Ujerumani imebadilisha nafasi za Z na Y. Kwenye mgongo mara nyingi kuna mabaki ya stika ya namba ya mali ya kampuni iliyoimiliki.

Zina sifa ya kweli, na ni haki kuisema. Mfuniko wa chini hufunguliwa kwa skrubu, na katika matoleo mengi ramu, diski, betri na kadi ya waifai huchomolewa na kubadilishwa. Kompyuta mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na ramu na hifadhi zilizolehemiwa kwenye mazabodi, kiasi kwamba zikizidiwa au zikifa hakuna cha kubadilisha. EliteBook ya miaka kumi yenye diski nzuri inaweza kumfikisha mwanafunzi hadi mwisho wa shahada yake.

Lakini umri hauna huruma. Vumbi limejaa kwenye feni, betri imechoka, bawaba zimelegea, na unyevu wa pwani umeanza kula miguso ya shaba. Mwanafunzi anayetoa bumu lake lote, yaani fedha zake za kujikimu chuoni, au mwalimu anayetoa akiba ya miezi, anastahili kujua ananunua nini.

Kupiga Windows hakutibu kila kitu

Tatizo kubwa katika biashara hii ni mazoea ya kuanza na jibu kabla ya kuuliza swali. Kompyuta polepole? Piga Windows. Waifai haishiki? Piga Windows. Inajizima? Piga Windows. Mara nyingine inasaidia, kwa sababu programu nazo huharibika. Lakini kama diski inakufa, kuiandika upya kunaweza kuimaliza kabisa na kuondoka na kazi za mwenye nayo.

Utafutaji wa kosa una mpangilio. Unaanza na umeme, unakwenda kwenye ramu, skrini, diski, mfumo endeshi, na mwisho mtandao. Unabadilisha kitu kimoja kwa wakati, unajaribu, unaandika ulichokiona. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kompyuta ikapona, hujui kipi kilikuwa kibovu, na mteja amelipia viwili ambavyo havikuhitajika.

> Ukibadilisha vifaa vitatu kwa pamoja na kompyuta ikapona, mteja amelipia viwili ambavyo havikuhitajika.

Isipowaka

Kompyuta iliyokufa ghafla isihukumiwe haraka. Hatua ya kwanza haina gharama. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 hivi. Chaji iliyobaki ndani humalizika, na kompyuta nyingi zilizoganda huwaka tena baada ya hapo.

Isipowaka, pima chaja kwa mita. Nyingi za kompyuta hizi hutumia volti kati ya 18.5 na 20. Chaja ya bandia inaweza kuonyesha volti sahihi ikiwa haijabeba mzigo, kisha ikaanguka kompyuta inapoanza kuvuta umeme. Njia ya uhakika ni kujaribu chaja nyingine ya aina ileile ambayo inajulikana ni nzima.

Hatua inayofuata ni ramu. Itoe, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, irudishe hadi ikae sawasawa. Kama zipo mbili, jaribu moja moja, na kila tundu kwa zamu yake. Taa zikiwaka huku skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi jibu liko hapa.

Kama feni inazunguka na bado huoni kitu, unganisha kompyuta na televisheni kwa kebo ya HDMI, au na kioo cha nje kwa VGA. Picha ikitokea huko, mazabodi ni nzima na tatizo liko kwenye skrini au kebo yake. Mulika pia skrini kwa tochi ya simu ukiwa gizani: ukiona picha hafifu, kioo kinafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa nyuma.

Jambo moja halina mjadala. Betri iliyovimba hadi kuinua kibodi au padi ya kugusa (touchpad) itolewe na isichajiwe tena. Isitobolewe wala kukandamizwa, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyojeruhiwa inaweza kuwaka moto.

Ikiwa nzito kupita kiasi

Kompyuta nyingi za zamani zilitoka na diski ngumu (hard disk) za sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Fungua kidirisha cha Task Manager: ukiona diski imekaa asilimia 100 muda wote huku prosesa ikipumzika, umeshajua inakokwama. Kuweka SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ndiyo marekebisho yanayobadilisha kompyuta ya zamani kuliko jambo lingine lolote.

Kabla ya hapo, soma afya ya diski. Kila diski hutunza kumbukumbu zake za ndani ziitwazo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Idadi ya sekta zilizohamishwa ikiwa inaongezeka, au diski ikitoa mlio wa kugonga, hamisha kazi zako siku hiyohiyo. Mengine yatafuata.

Ramu nayo ina sharti lake. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia 1.35. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne zinataka hiyo ya pili. Mnunuzi aliyeambiwa tu kwamba ni DDR3 anaweza kurudi dukani siku hiyohiyo akiwa na ramu nzima isiyokubaliwa na kompyuta yake.

Joto ni mwizi wa kimyakimya. Vumbi likiziba njia ya hewa na pasta iliyo juu ya prosesa ikikauka, kompyuta hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, na ikizidiwa hujizima. Kusafisha feni na kupaka pasta mpya ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua.

Wengi hawajui kwamba hata chaja inaweza kuifanya kompyuta iwe nzito. Dell huweka pini ya katikati inayoitambulisha chaja kwa kompyuta. Pini ikivunjika au chaja ikiwa ya bandia, kompyuta huwaka lakini haichaji betri, na prosesa hupunguzwa kasi. Mwenyewe atapiga Windows mara tatu asipate nafuu, wakati chanzo kinaning'inia kwenye soketi ya ukutani.

Intaneti haishiki: wapi pa kuanzia

Malalamiko ya intaneti ndiyo yanayokula muda na fedha nyingi zaidi, kwa sababu kosa linaweza kukaa sehemu nyingi: kwenye kadi, antena, dreva, ruta, mipangilio au bando.

Anza na swichi. ThinkPad na Latitude kadhaa za zamani zina swichi ndogo ya kuzima waifai pembeni mwa kompyuta, nyingine hutumia kitufe cha Fn. Ikisukumwa bila kujua, hakuna programu itakayoiwasha.

Kisha tumia simu kupima. Unganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB na uwashe huduma ya kugawa intaneti kwa kebo. Njia hii hairuki hewani, hivyo inaikwepa kabisa kadi ya waifai. Intaneti ikipatikana, Windows na kivinjari vinafanya kazi, na tatizo limebaki upande wa waifai: kadi, antena, dreva, mipangilio yake au ruta. Kwa kipimo hiki cha bure umeondoa nusu ya maswali.

> Unganisha simu kwa kebo ya USB. Intaneti ikipatikana, usikubali kupigiwa Windows: tatizo liko upande wa waifai: kadi, antena, dreva, mipangilio yake au ruta.

Kama waifai inashika ukiwa umekaa kando ya ruta tu, shuku antena. Nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, hutoka kwenye kadi, hupita kwenye bawaba na kupanda hadi pembeni mwa skrini. Bawaba ikivunjika au skrini ikibadilishwa kwa haraka, waya hukatika au huachwa bila kurudishwa kwenye kadi. Hakuna dreva inayoweza kuunganisha waya uliokatika.

Kama simu inaona mtandao ambao kompyuta haiuoni kabisa, angalia masafa. Kadi nyingi za zamani husikia gigahezi 2.4 peke yake, ilhali ruta na hotspoti za leo hurusha pia kwa gigahezi 5. Mtu anaweza kununua kadi mpya bure, wakati alichotakiwa kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu na kuchagua 2.4. Hali ni hiyohiyo kwa ruta iliyowekwa usalama wa WPA3 pekee: kadi ya zamani haiufahamu, na itashindwa kuingia hata nywila ikiwa sahihi.

Kama imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, fungua kidirisha cha amri na uandike ipconfig. Kompyuta huomba anwani kutoka kwa ruta, na isipojibiwa Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, usiilaumu kampuni ya simu wala bando. Kompyuta na ruta hazijasikilizana, na kuzima na kuwasha vyote viwili mara nyingi hutosha.

Anwani ikiwa sawa, andika ping na namba ya ruta yako (ipconfig huionyesha kama Default Gateway), kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google, kisha ping na jina la tovuti yoyote unayoijua. Ruta ikikataa, tatizo liko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikikataa, shuku njia ya kutokea nje, au bando limekwisha. Namba ikijibu na jina likikataa, kosa liko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Katika kompyuta za mtumba hili hutokea pale mipangilio ya ofisi ya zamani, ikiwamo anwani za DNS na za seva ya kupitishia (proxy), ilipoachwa ndani.

Kadi ikithibitika imekufa, kuna mtego wa mwisho. ThinkPad za zamani, zikiwamo X220, X230, T420 na T430, pamoja na baadhi ya HP za kipindi hicho, zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya baiosi, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, ThinkPad hukataa kuendelea na kuonyesha kosa namba 1802. Kadi si mbovu na mazabodi si mbovu. Tafuta kadi yenye namba ya kipuri iliyoidhinishwa kwa toleo hilo, au tumia kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye USB, ambacho hakihusiki na orodha hiyo.

Kwa anayetegemea bando la simu, kuna mpangilio mmoja wa kuweka siku ya kwanza. Iambie Windows kuwa muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, nayo itaacha kupakua masasisho mengi makubwa bila ruhusa. Lakini usiache kabisa kuyapakua. Tafuta waifai ya chuo au ya ofisi na uyachukue huko.

Kufuli za mmiliki wa kwanza

Kuna kompyuta zinazoonekana nzima kabisa ambazo bado zimefungwa na kampuni iliyoziacha. Kufuli ya kwanza ni nywila ya baiosi. Bila hiyo huwezi kubadilisha mipangilio ya msingi, na katika ThinkPad nyingi kuchomoa betri ndogo hakuiondoi, kwa kuwa imehifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi.

Ya pili ni programu ya ufuatiliaji ya Absolute, iliyojulikana zamani kama Computrace, ambayo imepandikizwa ndani ya baiosi ya kompyuta nyingi za ofisi. Ikiwa hai, inaweza kujirudisha ndani ya Windows hata baada ya diski kubadilishwa.

Ya tatu ni usajili wa Microsoft uitwao Autopilot. Kompyuta iliyosajiliwa na kampuni, ikipigwa Windows na kuunganishwa na intaneti, humtaka mnunuzi aingie kwa akaunti ya kampuni hiyo. Anayeipiga Windows bila intaneti anaweza kuivuka hatua hii bila kuiona, na kufuli hujitokeza miezi kadhaa baadaye kompyuta inaposafishwa upya. Kwa hiyo dai Windows ipigwe mbele yako, intaneti ikiwa imewashwa.

Oktoba 2025 na baada yake

Microsoft ilimaliza huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 14, 2025. Watumiaji binafsi waliojisajili kwenye mpango wa nyongeza waliongezewa muda wa kupata masahihisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba ziko nyuma ya mstari huo.

Haziachi kuwaka kwa sababu hiyo. Kinachokwisha ni ulinzi, na baadaye programu huanza kuzikimbia moja moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows 7: huduma yake ilikoma Januari 14, 2020, na mapema mwaka 2023 kivinjari cha Chrome nacho kikaacha kuisasisha.

Baadhi ya mafundi hulazimisha Windows 11 kwenye kompyuta zisizokidhi vigezo. Inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuzihudumia. Njia nyingine ni Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayokimbia vizuri kwenye kompyuta za zamani na inayoendelea kupata masasisho. Ina kasoro zake: baadhi ya kadi za waifai za Broadcom zinahitaji dreva ya ziada, na programu fulani za uhasibu na za kazi maalumu zipo kwa Windows tu. Kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma na anayetumia kivinjari, inatosha. Aijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski.

Muuzaji, mnunuzi na fundi

Wauzaji wana hoja. Hununua kwa jumla mizigo ambayo mara nyingi haikupimwa, hubeba hasara ya zilizokufa njiani, na huogopa mnunuzi atakayeiangusha kompyuta nyumbani kisha adai ilikuwa mbovu. Ndiyo maana dhamana huwa ya siku chache, na wengine husema kabisa kuwa kitu kikitoka dukani hakirudi.

Mnunuzi naye ana yake. Haoni ndani ya kompyuta, na dakika chache za kuiona ikiwaka kaunta hazimwonyeshi diski inayokufa wala betri ya dakika ishirini. Akiuziwa kimeo, hasara yote ni yake.

Fundi yuko katikati. Wateja wengi hawako tayari kulipia upimaji. Wanataka kulipia matengenezo tu. Fundi anayetumia saa nzima kugundua waya mmoja uliochomoka atalipwa kidogo kuliko anayepiga Windows kwa dakika arobaini. Mfumo huu unamzawadia anayebahatisha. Mteja mwenyewe anaweza kuubadilisha kwa kukubali ada ndogo ya kupima, inayotajwa mwanzoni, na kupewa matokeo kwa maandishi.

Kuna pia hofu ya kunyofolewa ramu au diski kompyuta ikiachwa kwa fundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha ya ukurasa unaoonyesha ramu, diski na namba ya kompyuta kabla ya kuiacha, na fundi naye aandike alichokipokea. Inamlinda kila mmoja.

Sheria haiko kimya. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Muuzaji aliyesema kompyuta ina SSD ilhali ina diski ngumu amempotosha mlaji, iwe mpya au ya mtumba. Lakini madai bila risiti ni maneno matupu. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) yenye jina la toleo na namba ya kifaa.

Bidhaa au taka?

Suala hili limevuka kuta za maduka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho kiko chini ya asilimia 1.

Wapo wanaotaka uingizaji wa kompyuta za mtumba ubanwe kabisa, wakihoji kwa nini Afrika ipokee mwisho wa maisha ya vifaa vya wengine, pamoja na risasi, zebaki ya taa za skrini za zamani na betri zilizochoka. Upande wa pili unajibu kuwa kuzifungia kutamnyima kompyuta mtoto wa mkulima, na kutaua kazi za vijana wengi wanaoishi kwa ufundi.

Mkataba wa Basel unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, ulioanza kutumika mwaka 1992, umeongezewa nguvu. Kuanzia Januari 1, 2025, taka zote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, haziruhusiwi kuvuka mipaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia kwanza. Tanzania nayo ina kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki.

Swali basi ni namna ya kutofautisha kompyuta iliyotumika na taka iliyopewa jina la kompyuta, na jibu linarudi kwenye upimaji. Kifaa kilichopimwa, kikathibitika kinafanya kazi na kikafungashwa vizuri, ni bidhaa. Rundo lisilopimwa limebeba vyote viwili, na gharama ya kuvitenganisha inaishia kwa mnunuzi wa mwisho na kwa dampo la jiji lake.

> Kompyuta ikithibitika inafanya kazi ni bidhaa. Rundo lisilopimwa huacha gharama kwa mnunuzi wa mwisho na kwa dampo la jiji lake.

Kabla ya kulipa: orodha ya mnunuzi

• Izime, chomoa chaja kwa dakika chache, iwashe tena, kisha tazama tarehe na saa.

• Andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa.

• Fungua CrystalDiskInfo usome afya ya diski.

• Ingia kwenye baiosi. Ikidai nywila, iache.

• Shika waifai kutoka kwenye simu yako, kisha simama hatua kadhaa mbali uone kama inaendelea kushika.

• Jaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB, kamera na spika.

• Funga na ufungue skrini mara kadhaa. Ikizimika au kutetema, kebo au bawaba ina tatizo.

• Cheza video kwa robo saa, usikilize feni na ushike upande wa chini.

• Angalia kizazi cha prosesa, ujue itabeba Windows ipi.

• Chukua risiti na dhamana iliyoandikwa, hata kama ni ya wiki mbili.

Kinachotakiwa sasa

Muuzaji anayetaka kuheshimiwa abandike kwenye kila kompyuta karatasi ya vipimo: afya ya diski, uwezo wa betri, hali ya baiosi, na kasoro zinazojulikana. Aliyeeleza kasoro mapema ana la kujibu mteja akirudi, na bei yake itaeleweka.

Mafundi waliojifunza mtaani, ambao wengi wao wana mikono ya ajabu, wautumie mpango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Cheti kitawapa nguvu ya kudai ada ya upimaji na kupata kazi za shule na taasisi.

Mamlaka za viwango, mazingira na ushindani ziweke sharti moja linaloeleweka na linaloweza kukaguliwa bandarini: hakuna shehena ya kompyuta za mtumba inayoingia bila orodha ya vipimo vya kila kifaa. Marufuku ya jumla itawaumiza maskini, na mlango ulioachwa wazi bila mlinzi unawaumiza leo.

Na wewe msomaji unayeelekea dukani mwisho wa wiki hii, nenda na simu yenye bando, kebo ya USB na orodha hiyo hapo juu. Muuzaji akikuruhusu kupima, nunua kwa amani. Akikuzuia, ondoka na fedha yako.